Ungo au shoka? Njia za kukabili chuki ya mtandaoni zikilinganishwa

Ujumbe wa sauti uliingia saa nne kasoro usiku, mwezi wa tano, mpunga ukiwa umeshainamisha vichwa. Grupu letu la WhatsApp lina watu kama 240: wakulima wa Ubaruku na Igurusi, wenye mashine za kukoboa wa Chimala, madereva wa fuso, na sisi wachuuzi wa mchele wa soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Aliyesema ni mkulima ninayemfahamu. Dakika ya kwanza alikuwa analia. Ng'ombe wameingia shambani kwake, ekari mbili zimekwisha, ameripoti mara tatu na kila mara anaambiwa asubiri. Dakika ya pili sauti ikabadilika. Akalitaja kabila moja la wafugaji, akawaita kupe, akasema kupe hasemeshwi bali huchomwa, kisha akataja siku na mahali pa kukutana.

Kabila hilo sitaliandika hapa.

Admini tuko watano, na kabla ya saa sita usiku kila mmoja alikuwa na jawabu lake. Wa kwanza alitaka ujumbe ufutwe na mtu atolewe. Wa pili alisema tumripoti kwa WhatsApp wenyewe. Wa tatu, polisi. Wa nne, mama mmoja mwenye mashine, alisema twende tukamwone yule baba na wazee wake. Wa tano alisema tumwache, mtu ana haki ya kusema machungu yake. Tangu usiku ule nimezipima njia hizi moja baada ya nyingine, na ninaziandika kwa ajili ya mtu mwingine ambaye simu yake itaita saa kama ile.

Kipimo changu ni kimoja. Ndani ya ule ujumbe kulikuwa na vitu viwili vilivyochanganyika kama mchele na chuya. Dakika ya kwanza ni malalamiko ya raia dhidi ya uharibifu na dhidi ya viongozi waliokaa kimya, na Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Dakika ya pili ni wito wa kuwadhuru watu kwa sababu ya walikozaliwa. Kwa hiyo kila njia naiuliza: inaweza kupepeta? Inaondoa dakika ya pili bila kumwaga ya kwanza?

Admini wa grupu na kampuni ya ng'ambo

Kwa kasi, hakuna anayemshinda admini. Tangu 2022 admini wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote ukapotea kwa wote. Tulifanya hivyo ndani ya nusu saa, na sijutii. Ila kabla ya kufuta, hifadhi sauti ile na upige picha ya skrini inayoonyesha saa na namba. Admini wengi hufuta kwa hasira, na asubuhi hakuna ushahidi wa kumpa mtu yeyote, si polisi wala mzee.

Udhaifu wa admini ni kwamba yeye ndiye askari, hakimu na mlango wa kutokea. Hana wa kumhoji. Nimeona kwenye grupu nyingine mtu akitolewa kwa "lugha ya chuki" wakati alichofanya ni kuuliza michango ya msiba imekwenda wapi. Na anayetolewa haachi kusema. Anafungua grupu lake na wanaomkubali tu, na huko hakuna hata mmoja wa kumwambia, "Kaka, hapo umevuka."

Kampuni yenyewe ina nguvu ambazo admini hana. Mwaka 2019 WhatsApp ilipunguza usambazaji wa ujumbe hadi mazungumzo matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukabaki kuruhusiwa kwenda mazungumzo mamoja tu. Hatua hizo nazipenda kwa sababu hazimchagui msemaji wala hazisomi maneno. Zinapunguza mbio za moto bila kumziba mtu mdomo. Lakini ukibonyeza kuripoti, tegemea kidogo. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo kampuni haiusomi. Ukiripoti, wanapata nakala ya jumbe chache za mwisho, tano hivi, na uamuzi unafanyika mbali na bonde letu la Usangu.

Hapo ndipo lugha inapoleta shida. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, shirika la Global Witness pamoja na Foxglove walijaribu kupeleka Facebook matangazo ya chuki, mengine kwa Kiswahili, na yakapitishwa. Waliyaondoa wenyewe kabla hayajaonekana kwa umma. Hicho ni Kiswahili, lugha ya mamilioni. Kinyakyusa, Kihehe, Kisafwa na Kibena vitapata msomaji gani?

Na hata anayezijua lugha hizi anahitaji kujua utani. Mimi ni Mhehe. Katika kila msiba wa kwetu akifika mtani wetu Mngoni, lazima aulize mbwa wa kitoweo yuko wapi, na sisi tunamrudishia ya vita vya mababu, watu wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Maneno hayohayo yakiandikwa na mgeni asiye mtani, chini ya picha ya mtoto wa Kihehe aliyefaulu mtihani, ni matusi ya kabila. Mashine inayosoma maneno bila kumjua msemaji itafuta utani wetu na kuacha "kupe" ipite, maana kupe ni mdudu wa ng'ombe na hakuna kosa kumtaja.

Kwa hiyo nenda kwa kampuni pale panapoonekana na wote: ukurasa wa Facebook, video ya TikTok, akaunti bandia inayotumia picha yako. Hapo hatua zao zinaonekana. Kwa grupu lililofungwa, admini mwenye busara ni bora kuliko wao.

Kituo cha polisi na jamvi la wazee

Nianze na jambo ambalo siliwekei mjadala. Ujumbe ukiwa na siku, mahali na wito wa kuumiza, piga simu polisi usiku huohuo. Admini wa tatu alipiga, na alifanya vyema. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Arusha waliokwenda kuchukua sampuli za udongo waliuawa na wanakijiji walioamini kwamba ni wanyonya damu. Moto wa namna hiyo hauhitaji hata intaneti, unahitaji tu watu wakusanyike kabla mtu mwenye akili timamu hajafika. Uhuru wa kusema wa mtu mmoja haulingani na uhai wa wale wanaosemwa.

Baada ya usiku ule wa hatari, mambo hubadilika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu vinavyohusu chuki yenyewe. Kifungu cha 17 kinakataza maudhui ya ubaguzi dhidi ya watu kwa rangi, asili, kabila au dini, na cha 18 kinahusu kumtukana mtu kwa misingi hiyo. Adhabu ya kifungu cha 17 ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Mkulima wetu, kwa dakika ile ya pili, angeweza kuguswa.

Tatizo langu liko kwa jirani yake, kifungu cha 16. Hicho kinaadhibu taarifa ya uongo au ya kupotosha iliyokusudia kukashifu, kutishia, kutukana au kuhadaa umma: faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Soma tena orodha hiyo. Kutishia kijiji na kumuudhi kiongozi vimetiwa gunia moja. Mwaka 2016 kijana mmoja wa Arusha alihukumiwa faini ya shilingi milioni 7 au miaka mitatu jela kwa maneno aliyoandika Facebook dhidi ya Rais. Lugha ile labda haikuwa ya heshima, lakini Rais wa nchi si kundi dogo lililo hatarini. Ana walinzi, ana redio, ana jukwaa. Wafugaji wenye mahema matatu kando ya bonde la Usangu hawana.

Tena angalia neno "isiyopungua". Sheria yetu imeweka sakafu, kwa hiyo hakimu hana nafasi kubwa ya kumtazama mkulima aliyeropoka kwa uchungu na kumpa adhabu ndogo inayomfaa. Kenya walifanya kinyume. Sheria yao ya Mshikamano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya machafuko ya uchaguzi yaliyoua zaidi ya watu 1,100, inasema katika kifungu cha 13 faini isiyozidi shilingi za Kenya milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Dari badala ya sakafu. Tofauti hiyo ya neno moja ni maisha ya mtu.

Na kuna upekuzi. Chini ya sheria yetu mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuamuru msako na uchukuaji wa vifaa bila kwanza kupita kwa hakimu. Simu ya mchuuzi ina madeni yake, picha za wanawe, majina ya wateja, maoni yake ya siasa. Ukienda kuripoti, eleza kwa maandishi ni sehemu gani ya ujumbe unayoilalamikia. Sisi tuliandika: kuanzia dakika ya pili. Sijui kama inazuia lolote kisheria, ila inaweka kumbukumbu kwamba machozi ya dakika ya kwanza hatukuyashtaki.

Wazee ni kinyume cha polisi karibu kwa kila kitu. Ni wa polepole, hawana pingu, na wanaanza na swali ambalo polisi hawana muda nalo: ng'ombe waliingia lini? Yule mama mwenye mashine alilijua hilo mapema kuliko sisi sote. Aliniambia, "Mwanangu, ukimfunga kwa neno lile, shamba bado limeliwa." Ni kweli. Chuki nyingi za Mbarali, wilaya ya mpunga huu, zimeota juu ya jambo halisi la ardhi na maji. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu 1993. Wafugaji wakalaumiwa, na 2006 hadi 2007 wengi wakaondolewa Usangu na mifugo yao. Kusema "ng'ombe wamekausha mto" ni maoni, na yaruhusiwe. Kujibu kwamba mifereji ya mpunga nayo inachukua maji, ile mipunga ninayoiuza mimi, ni maoni pia, na yaruhusiwe hata kama yananichoma. Mjadala huo ukizimwa kwa jina la kuzuia chuki, tutabaki na chuki bila mjadala.

Lakini wazee nao nisiwasifie kupita kiasi. Jamvi la wakulima linapokaa, mfugaji hukaa pembeni au haitwi kabisa. Mwanamke aliyeitwa mchawi kwenye grupu la ukoo akipelekwa kwa wazee haohao wa ukoo, ataambiwa asamehe ili amani iwepo. Na mtu mwenye ualbino aliyetishwa asikubali hata siku moja kesi yake imalizwe kwa jogoo na pombe. Pale anayetishwa ni mnyonge na anayetisha ana ndugu kwenye kikao, ruka wazee, nenda moja kwa moja kwenye sheria. Na picha au namba ya mtu ikisambazwa ili asumbuliwe, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Watu wengi hawaijui.

Kuondoa kwa amri, na kuzima kabisa

Hapa sina maneno mengi. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zilipunguza muda wa kuondoa maudhui yaliyolalamikiwa kutoka saa 12 hadi saa 2. Ujerumani, kwa sheria yao ya 2017, waliyapa majukwaa makubwa saa 24 kwa yale yaliyo haramu waziwazi, na faini hadi euro milioni 50. Ufaransa wakajaribu sheria yao ya saa 24, na Juni 2020 Baraza la Katiba likaibatilisha sehemu kubwa, kwa sababu kampuni inayoogopa faini hufuta hata lililo halali. Kama Baraza hilo liliona saa 24 ni hatari, mtu wa kijiweni Kabwe, hapa Mbeya, mwenye ukurasa wa habari za mkoa atapima nini kwa saa mbili? Atafuta. Atafuta dakika zote mbili, na mkulima atakuwa hajasikika popote.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hilo si kupepeta. Ni kuchoma ghala kwa sababu ya panya. Bei za mchele zilipotea, mama aliyekuwa anamtafuta mwanawe Dar es Salaam hakuwa na pa kuangalia, na uvumi uliendelea stendi na dukani bila mtu mwenye uwezo wa kuukanusha. Kati ya njia zote nilizozipima, hii ndiyo pekee ninayoikataa bila sharti.

Ukiitwa kutoa maoni kuhusu sheria

Siku moja mtaitwa ukumbini kutoa maoni, na mtaambiwa mchague nchi ya kuigwa. Wengine watataja Marekani. Huko, tangu uamuzi wa Brandenburg dhidi ya Ohio wa 1969, serikali haiwezi kuadhibu wito wa vurugu mpaka uwe umelenga kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo na una uwezekano wa kuuleta. Kwa kipimo hicho "kupe" peke yake ingepita. Ile siku na mahali ndivyo vingeleta shida. Naheshimu ukali wa kipimo hicho kwa sababu kinamlinda mpinzani. Lakini sisi si watu wa kujifanya hatujui. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa hapahapa kwetu, Arusha. Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu wa redio RTLM na gazeti la Kangura, na ingawa rufaa ya 2007 ilifuta sehemu ya hatia zile, kilichosikika pale hakifutiki: watu waliitwa mende hewani, miezi na miezi, kabla ya mapanga. Kupe na mende ni ndugu.

Kwa hiyo mimi ningechagua hivi. Kutoka Kenya ningechukua sheria inayolenga chuki dhidi ya kundi, yenye dari ya adhabu, na chombo chenye uwezo wa kupatanisha kabla ya kushtaki. Ningechukua pia ujasiri wa mahakama zao: Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano kwa kuwa na maneno mapana mno. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo, Machi 2019, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Maneno mapana ndiyo ugonjwa wenyewe.

Na kutoka Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa wa 2012 ningechukua maswali sita ambayo hakimu ajiulize: hali ya wakati ule ikoje, msemaji ni nani, alikusudia nini, alisema nini na kwa namna gani, yamefika kwa wangapi, na uwezekano wa madhara uko karibu kiasi gani. Mtu yeyote aliyekulia kwenye utani anayajua maswali haya. Kwenye msiba tunayauliza yote sita kwa kumtazama mtu usoni kabla hatujaamua kucheka au kukasirika. Mngoni wangu anapita. Mgeni chini ya picha ya mtoto hapiti. Mkulima wa Igurusi mwezi wa tano, mbele ya watu 240, wengine wakiwa na miundu ya kuvunia, hapiti.

Kifungu cha 16 ningekiondolea neno la kutukana na la kukashifu. Amri ya kupekua simu ningeipeleka kwa hakimu. Hayo mawili ningeyasema hata kama dakika za kuongea zimebaki mbili.

Tulivyofanya

Tulitumia njia tatu, kila moja kwa kazi yake. Admini alifuta. Polisi walipigiwa usiku, na siku iliyotajwa walikuwepo mahali palipotajwa, hakuna aliyekuja. Na asubuhi iliyofuata mama mwenye mashine, dereva mmoja na mimi tulikwenda Igurusi. Yule baba tulimkuta amekaa kwenye tuta la jaruba lake. Nilimsalimu kwa "Kamwene", akaitika kwa mazoea tu, hakutazama juu. Tulimsikilizisha sauti yake mwenyewe. Dakika ya kwanza aliisikiliza akitikisa kichwa. Ya pili alinyoosha mkono akaomba nizime.

Alirekodi upya. Mambo yaleyale ya ng'ombe, ekari, tarehe alizoripoti, ukali wote dhidi ya viongozi ukiwa palepale. Kupe hawakuwemo. Tuliirudisha kwenye grupu na kuipeleka kata, na baada ya siku nne bwana shamba alifika kufanya tathmini.

Kwenye grupu tulikuwa na wanachama wawili wa kabila lile, wanunuzi wa pumba za mifugo, wateja wazuri. Mmoja aliondoka usiku ule, dakika sita baada ya ujumbe kuingia, kabla hatujafuta. Nimempigia mara mbili. Mara ya pili alipokea, akanisalimu vizuri, akauliza hali ya watoto, na nilipomwomba arudi akasema atafikiria.